Chumba cha Tisa

Tulichapa nakala mia tano
kwenye gereji ya Delmar, mjini Duluth,
Januari, theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
na hita moja ya mafuta ya taa
inayokohoa kuliko mwenyewe.

Kisa kilikuwa changu: *Makaburi ya Mfalme Chumvi*,
kwa wachezaji wanne hadi sita,
daraja la tatu kwenda la tano,
kurasa thelathini na mbili, pini mbili mgongoni.
Ramani alichora Ragna
akitoka zamu ya usiku hospitalini,
vidole vikinuka dawa, wino ukigandia kalamuni.

Miezi saba nilimlea malkia wa chumba cha tisa.
Nilimpa taji la miba ya samaki,
nikampa kikohozi,
nikampa kitendawili chenye majibu matatu,
na yote matatu ni ya kweli.
Asubuhi mke wangu alikuwa akinimiminia uji wa shayiri
na kuniuliza bila kucheka:
"Mke mwenzangu ameamkaje?"

Nakala ya mia nne na ushei, Delmar akazima mashine.
Delmar si mtu wa maneno.
Akaweka kidole juu ya ramani, kidole cheusi kwa wino,
akakipitisha kuta nne za chumba cha tisa
kama mtu anayetafuta mshono wa shati gizani.
"Mlango uko wapi?"

Haukuwapo.
Wala dirisha, wala ngazi, wala ufa.
Ragna alicheka, kisha akakaa juu ya boksi,
akasema usiku ule wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinane
na nesi mmoja.
Sikuwa na la kumwambia. Karatasi ilikuwa ya mkopo.
Maji yakimwagika hayazoleki;
tukatia kwenye bahasha,
tukalamba stempu mpaka ndimi zikawa gundi,
tukavuta mzigo hadi posta
kwa sleji ya watoto wa jirani.

Machi, barua zikaanza.
Vijana wa Saskatoon walibomoa ukuta,
Jumamosi tatu za mchezo, tindo nne zikavunjika:
"Mwandishi, ujanja wako umetutoa jasho."
Ujanja wangu!
Mchungaji wa Fargo, anayechezesha vijana
chini ya ukumbi wa kanisa, na wazee wa kanisa hawajui,
alimruhusu mwizi wao ageuke moshi.
Ardith, miaka kumi na mmoja, kwa penseli:
"Nilimuuliza panya yeye hupitia wapi."
Dadu ikasimama kwenye ishirini.
Panya akasema.

Na fupi kuliko zote, ya Orville Stenerud,
dereva wa treni ya madini ya chuma:
"Tumemaliza. Dhahabu tumepata, tumerudi salama.
Ila chumba cha tisa hatukukiona njia.
Kilikuwa na nini?"

Niliishika barua ile mpaka chai ikapoa.
Kumbe iko meza mahali fulani
ambako hakuna aliyegonga ukuta.
Dhahabu imegawanywa, dadu zimerudi ndani ya soksi,
watu wamevaa makoti, wameagana, wamekwenda zao,
naye amekaa, taji kichwani,
amewasikia wakipita,
kikohozi amekibana kwa kiganja
asije akawatisha,
majibu yake matatu yako tayari.

Sasa tunaandaa nyongeza ya wachezaji:
kurasa kumi na sita, uchawi mpya, bei za kamba na mienge,
msamiati wa panya
(Ardith atapata nakala bure, na jina lake ukurasa wa mwisho),
na pamoja nayo toleo la pili la *Makaburi*.
Ragna amekuja na ramani na kifutio.
Penseli ameinoa mpaka imekuwa mwiba.
"Niuweke wapi," ananiuliza, "kaskazini au mashariki?"

Hita inakohoa.
Delmar anangoja, mkono kwenye swichi.
Mimi namwandikia Orville.
Nimefika kwenye "Ndani yake,"
na kalamu imegoma.